Upinde Uliochongwa na Maji

Nikisema "kulikuwako", nyinyi mseme "na kukawako". Nisiposikia sauti sianzi, na mtarudi kwa mama zenu mikono mitupu. Haya. Kulikuwako.

Naam, kukawako. Kulikuwako zamani, zamani ya kweli, si hii ya juzi mnayoiita zamani kwa sababu tu hamkuwa mmezaliwa. Babu yake babu yangu alikuwa hajaota jino. Mto Kipore ulikuwa na maji mwaka mzima, na kando ya mto huo palikuwa na kaya moja, kijiji cha watu wengi, na katika kaya hiyo aliishi mwanamke aitwaye Mbeyu, binti Mwaringa, mchonga pinde.

Najua mtauliza, mwanamke na pinde wapi na wapi. Mzee Mwaringa alikuwa na watoto wawili. Mbeyu alikuja kwanza. Tsuma, wa kiume, alikuja akiwa amechelewa sana, mikono ya mzee imekwisha kuanza kutetemeka. Sasa ungekuwa wewe ungemfundisha nani? Mzee akamfundisha aliyekuwapo. Akafa, na mkewe alikuwa ametangulia, na Mbeyu akabaki na tezo ya kuchongea mkononi na ndugu yake mdogo mgongoni. Alimlea kwa pinde. Akichonga upinde mmoja analetewa mtama, mtama unakuwa uji, uji unakuwa Tsuma. Hivyo ndivyo yule kijana alivyokua hata akampita dada yake kimo.

Sikilizeni jinsi alivyofanya kazi, maana kisa chote kimo humo. Alikwenda msituni kuchagua mti wa mkole, akaukata, akauweka darini juu ya moshi mwaka mzima. Ukikauka, hakuupasua kwa msumeno. Aliupasua kwa kabari, mdogo mdogo, mti wenyewe uchague njia ya kupasukia. Kisha anakaa chini na tezo na kisu. Chonga, tazama. Chonga, tazama. Mnaona nyuzi zilizo ndani ya mti, ile mistari inayokwenda kutoka chini hadi juu? Mbeyu alifuata uzi mmoja tu mgongoni mwa upinde, kutoka ncha hadi ncha, asiukate hata mahali pamoja. Uzi ukipinda kushoto, naye anapinda kushoto. Akikuta kifundo cha tawi, hakisawazishi, anakizunguka na kukiacha na nyama yake, kikabaki nundu. Halafu chonga, tazama. Siku kumi na moja kwa upinde mmoja, na ya mwisho anasugua kwa majani ya msasa na kupaka mafuta ya nyonyo.

Pinde zake hazikuwa nzuri machoni, sitawadanganya. Mmoja umekwenda upande, mwingine una nundu, mwingine umejikunja kama mtu anayesikiliza maneno ya jirani ukutani. Lakini hakuna aliyewahi kusikia umevunjika ukiwa mkononi mwa aliyekabidhiwa.

Na hapo kaya ile ilikuwa na desturi yake. Upinde ukiisha, mwenye kuuchonga ndiye wa kwanza kuuvuta. Anakuja uwanjani mbele ya watu, anavika upote, ile kamba yake, anavuta hadi sikioni mara kumi. Ukivunjika, uvunjike usoni pake yeye. Usipovunjika, anamkabidhi mwenyewe na kusema: "Nimeuvuta mimi kwanza, sasa ni wako." Mzee Mwaringa alikuwa na kovu kwenye nyusi kwa sababu ya desturi hiyo, alilipata akiwa bado kijana, na Mbeyu alikuwa na kidole kimoja kisichonyooka. Hawakuona haya. Ilikuwa ndiyo kazi.

Kwa nini desturi kali hivyo? Kwa sababu ya nyati. Kila mwaka, kinamasi cha nyuma ya vilima kikikauka, nyati walishuka kutafuta mashamba ya mtama. Walipita mahali pamoja tu, penye majabali huku na huku, wakapaita Mlango wa Nyati. Watu arobaini walisimama juu ya majabali na mishale ya sumu, wawarudishe walikotoka. Kwenye Mlango, upinde ukikukatikia umebaki na kijiti, na nyati hana muda wa kuulizana hali na mtu mwenye kijiti. Na mwaka huo Tsuma alikuwa asimame kwa mara ya kwanza, tena kwenye jabali la mbele kabisa, kwa sababu jicho lake lilikuwa kali kuliko la yeyote. Mbeyu alijivunia jambo hilo na kuliogopa, vyote kwa pamoja.

Kulikuwako. Mbona kimya? Ahaa, kukawako.

Basi mwaka huohuo akarudi Ndoro. Ndoro alikuwa mtoto wa kaya, aliondoka kijana akaenda pwani, na huko akawaona mafundi wanaokereza miguu ya vitanda. Wanakanyaga kwa mguu, kerezo inazunguka, kisu kinakula mti, mguu wa kitanda unatoka laini. Ndoro alikuwa na akili, tena nyingi. Akawaza, mguu wa mtu unachoka, lakini mto hauchoki. Akaja akajenga gurudumu kubwa penye maporomoko ya Kipore. Maji yanasukuma gurudumu, gurudumu linazungusha mti mrefu, mti mrefu unazungusha visu. Akachonga kigezo kimoja cha upinde, mzuri, ulionyooka. Gogo linafungwa kando ya kigezo, linasukumwa kwenye visu, kwaruu, kwaruu, kwaruu, na upande wa pili unatoka upinde unaofanana na kigezo kama pacha.

Pinde arobaini kwa siku tatu. Mbeyu kwa siku tatu hakuwa hata amemaliza kubandua gome.

Watu walikwenda mtoni kutazama, wakarudi wanaongea peke yao. Aliyefurahi kuwashinda wote ni Gunga, mkuu wa wapiga mishale, mtu mzito, mwenye kupenda vitu vilivyopangwa. Miaka yote alikuwa akihangaika na pinde za Mbeyu, huu mgumu, huu laini, huu unataka mshale mrefu, huu mfupi. Sasa zote ni sawa, zote laini, zote zimenyooka. Akatangaza kwamba mwaka huu kila mtu atasimama Mlangoni na upinde wa Ndoro, na asiyetaka abaki nyumbani apige ndege.

Lakini desturi je? Mzee Toya, mkubwa wa wazee wa kaya, aliuliza hilo barazani: Nani ameuchonga, avute? Watu wakamtazama Ndoro. Ndoro akajibu kwa adabu kwamba yeye alifungulia maji tu, hakugusa mti kwa kisu, na kwa haki aliyechonga ni maji.

Wazee wakalichukua neno hilo wakalitafuna tangu asubuhi hadi alasiri. Je, ni maji au ni visu? Visu haviendi bila maji. Je, ni maji au ni gurudumu? Gurudumu nalo linaenda kwa maji. Basi ni maji. Na maji yana mikono? Hayana. Mtu asiye na mikono hudaiwa kuvuta upinde? Hadaiwi. Kwa hiyo desturi haikuvunjwa, imetimia, na pinde zigawiwe.

Msicheke. Wale walikuwa watu wenye akili, na akili yao ndiyo iliyowapeleka huko. Mjinga angesema tu, "Ndoro, vuta", na kisa changu kingekuwa kimekwisha.

Mbeyu alikuwa nyumbani anasugua upinde aliomchongea Tsuma kwa ajili ya Mlango. Ulikuwa na nundu kubwa juu kidogo ya mshiko, kwa sababu mti ule ulikuwa na kifundo, na uzi ulikizunguka kifundo vizuri mno hata Mbeyu akaufurahia peke yake. Tsuma akaingia na upinde mpya mkononi. Akamweleza dada yake yaliyoamuliwa. Hakumtazama machoni. Akautwaa ule wenye nundu akautundika ukutani.

Mbeyu akamwomba ampe ule mpya autazame. Akapitisha kidole gumba mgongoni mwa upinde, taratibu, kutoka ncha ya juu. Shubiri moja chini ya mshiko kidole kikasimama. Pale mti ulikuwa umetaka kupinda, na kigezo kilikataa. Nyuzi zilikuwa zimekatwa zikaishia ubavuni, moja baada ya nyingine.

"Utavunjika hapa," akasema.

"Dada, zote arobaini ziko hivi. Kila mtu amepewa."

"Sikukuuliza habari za kila mtu."

"Nikienda Mlangoni na ule wako watanicheka," Tsuma akasema. "Watasema mtoto wa Mwaringa amebeba kigongo. Mimi nimekuwa mtu mzima, usinitie aibu."

Neno hilo lilimuuma Mbeyu, lilimuuma sana. Si kwa sababu ya upinde. Yule mtu mzima alikuwa amejengwa na pinde hizo, mfupa kwa mfupa, na leo anaziita vigongo. Alitaka kumkumbusha uji wote ule. Hakumkumbusha. Alimrudishia upinde wake, akaenda kuoga mtoni, na huko aliketi kwenye jiwe kitambo akisikiliza lile gurudumu likisema kwaruu, kwaruu. Aliporudi alikuwa amekwisha kuamua.

Asubuhi yake Gunga aliwakusanya watu wake uwanjani na pinde mpya, wazivike pote na kuanza mazoezi. Mbeyu akaja amejifunga kaniki kifuani, ameipiga fundo kama mtu anayekwenda kulima. Akapita katikati ya wanaume hadi mbele ya wazee.

"Wazee wangu, nimesikia mmesema aliyechonga ni maji," akasema, "na maji hayana mikono. Mimi ninayo miwili. Nayaazima maji mikono yangu. Leteni pinde zote nizivute."

Gunga akasema mwanamke huyu ana wivu wa kazi. Mzee Toya akawauliza wenzake kama kuna desturi inayokataza kuazimana mikono. Wakatafuta vichwani, hawakuiona. Akaruhusiwa.

Akaletewa wa kwanza. Akapitisha kidole gumba mgongoni, akasema, "Huu utasimama." Akavuta mara kumi. Ukasimama. Akamkabidhi mwenyewe: "Nimeuvuta kwa niaba ya maji, sasa ni wako." Wa pili, utasimama, ukasimama. Wa tatu, wa nne, wa tano, wa sita. Watu wakaanza kunong'onezana, na Ndoro, aliyekuwa amesimama na mikono nyuma, akatabasamu.

Wa saba. Kidole kikapita, kikasimama.

"Huu hautafika sikioni," akasema Mbeyu. Akageuza uso pembeni, akanyoosha mkono mbali, akavuta. Ukakatika kwa mlio uliowaamsha kuku wa kaya nzima.

Mwenye upinde ule akaokota vipande akavitazama kama mtu aliyepewa habari za msiba.

Chonga, tazama, mnakumbuka? Sasa ikawa gusa, sema, vuta. Gusa, sema, vuta. Alisema utasimama, ukasimama. Alisema utakatika, ukakatika. Hakukosea hata mmoja. Wa kumi na tisa ulipovunjika Gunga mwenyewe alimwomba aache, atoe tu kwa kidole zile mbovu zitupwe, kwa nini ajiumize? Mkono wake ulikuwa umevimba, na upote ulikuwa umemchana kifundo cha mkono.

"Nikimnyang'anya mtu upinde kwa neno langu tu, ataenda akisema Mbeyu ana wivu," akajibu. "Uvunjike, auone mwenyewe." Na hakumtazama Gunga aliposema hivyo, ila Gunga alijua anaambiwa nani.

Jua lilipofika utosini alikuwa amevuta thelathini na tisa. Ishirini na tatu zilisimama. Kumi na sita zilikuwa vipande chini. Uliobaki ni mmoja, na ulikuwa mkononi mwa Tsuma.

Tsuma hakutaka kuutoa. Si kwa kiburi tena, hapana. Aliona mikono ya dada yake inavyotetemeka, akamkumbuka baba yake. Alijua kwamba safari hii dada hataweza kunyoosha mkono mbali, upinde utamkatikia usoni. Akasema atauvuta yeye mwenyewe.

"Wewe hukuuchonga," Mbeyu akasema. "Lete."

Akageuka kuwatazama wote, wazee, wapiga mishale, watu waliokuja na vinu vyao wakasahau kutwanga, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ilipanda.

"Nani aliyechonga upinde huu?"

Wazee walitazama miguu yao. Mto ulisikika, na gurudumu, maana hakuna aliyekuwa amelizuia.

Basi Ndoro akatoka. Tabasamu lake lilikuwa limekwisha zamani, mnamo upinde wa kumi hivi. Akasema, "Mimi. Gogo nililifunga mimi, maji nilifungulia mimi, kigezo nilikichonga kwa mkono huu. Maji hayajui upinde ni kitu gani." Akaupokea upinde kwa Tsuma. Mbeyu akamshika kidole gumba, akakipitisha mgongoni mwa upinde, shubiri moja chini ya mshiko, Ndoro akasikia pale nyuzi zinapoishia. Akamwambia ageuze uso. Ndoro akageuza, lakini si sana, maana alitaka kuona.

Akavuta. Haukufika hata kidevuni. Ulikatika palepale, na kipande kikamchana kidevu hadi mfupani.

Watu walikimbia na maji na majani. Ndoro alikuwa ameketi chini, damu inamtiririka kifuani, na badala ya kulia alikuwa amevigeuza vipande viwili anavichunguza.

"Kigezo changu kiko sawa," akasema kwa shida.

"Kigezo hakina kosa," Mbeyu akamwambia huku akimfunga kidevu kwa upindo wa kaniki yake. "Mti ndio haujawahi kukiona."

Tsuma akaondoka, akaenda nyumbani, akarudi na upinde wenye nundu. Akasimama nao katikati ya uwanja kila mtu auone. Mbeyu akauvuta mara kumi kwa mikono ile iliyovimba, na wote waliokuwapo walisema hapo tu ndipo alipolia. Akamwambia, "Nimeuvuta mimi kwanza, sasa ni wako." Hakuna aliyecheka.

Zilikuwa zimebaki siku nne nyati washuke. Kwa pinde kumi na sita zilizopungua bado, watu wakapanda darini wakateremsha za babu zao, nyeusi kwa moshi, zilizochongwa na Mwaringa na baba yake Mwaringa, wakazipaka mafuta. Siku ya nne vumbi likaonekana vilimani. Nyati walikuja, na mbele yao dume lenye pembe pana kama mlango wa nyumba hii. Tsuma alikuwa kwenye jabali la mbele. Alivuta hadi sikioni, nundu ile ikiwa juu ya ngumi yake, akaachia, akavuta tena, akaachia, akavuta tena. Mara tisa. Dume likapiga magoti mdomoni pa Mlango, na wengine wakageuka. Hapakusikika upinde uliokatika siku ile, si wa mkono wala wa maji, kwa sababu kila mmoja ulikuwa umevutwa na mtu kabla ya kuletwa pale. Mtama ukavunwa, na uji ukapikwa kaya nzima.

Na gurudumu je? Nilijua utaniuliza wewe, unayependa vitu vinavyozunguka. Gunga, aliyelisifu kuliko wote, ndiye aliyetaka lichomwe. Mbeyu akakataa. Akasema tangu lini mchi ukavutwa hadi sikioni? Kwa hiyo gurudumu likachonga michi, likachonga miguu ya vigoda, na wanawake wa kaya tano walikuja kuchukua michi kwa Ndoro, iliyonyooka, mizuri, ya siku moja. Ndoro mwenyewe, kidevu kilipopona, akaja kuketi karibu na Mbeyu na kisu. Upinde wake wa kwanza ulimchukua siku thelathini na tano na ulikuwa na sura mbaya kuliko kobe. Aliuvuta mbele ya watu, na ukasimama. Nao wazee wakaongeza neno katika desturi, na waliliongeza upesi safari hii: mwenye kufungulia maji ndiye mwenye kuchonga.

Sasa msiende kwa mama zenu mkasema bibi anachukia mashine. Sikusema hivyo, msinitie maneno mdomoni. Nina mchi wa gurudumu hapo jikoni, na mahindi mliyokula umeyatwanga. Ninachosema ni hiki: kazi yako iwe ya kisu, iwe ya maji, iwe ya hivyo vidude vyenu mnavyobonyeza kwa vidole, siku watu watakapoulizana nani ameifanya, usimsukumie asiye na mikono. Simama uwanjani uivute wewe kwanza, na kidevu chako kikiwa karibu.

Kisa hiki bibi yangu alikivuta mbele yangu, nami nimekivuta mbele yenu kutoka ncha hadi ncha, na hakikukatika. Nimekivuta mimi kwanza, sasa ni chenu.